Silinda ya Bomba la Injini Imepasuka? Usome Ufa Kabla Hujanunua Nyingine



Msimu wa kupulizia mikorosho ukikaribia huku kusini, maswali ninayopata hubadilika. Ubwiri unga unakaa pembeni kidogo, naanza kuulizwa mambo ya mashine. "Bwana shamba, bomba langu likipata moto linazima, haliwaki tena mpaka lipoe." "Bwana shamba, nimefunga silinda mpya, hata wiki mbili hazijaisha imepasuka. Ninunue nyingine?"

Jibu langu kwa hilo la pili ni lilelile kila mwaka: usinunue bado. Silinda haipasuki bure. Ufa una mahali pake, na mahali hapo panakuambia kama kosa ni la spea, la mkono uliofunga, au la namna mashine inavyotumika. Ukibadilisha silinda bila kujua hilo, umenunua ufa mwingine unaosubiri tarehe tu.

Na hapa hatuzungumzii fedha ya silinda peke yake. Salfa ya unga hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi wakati maua yanatoka, na kazi yenyewe ni ya alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Mashine ikilala kwa fundi siku tano, ubwiri hausubiri. Kama wewe unapulizia mashamba ya watu kwa malipo, umepoteza na mteja.

Silinda yenyewe ikoje

Mabomba mengi ya injini ya kubeba mgongoni yana injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya petroli na oili, ya ukubwa wa cc 40 hadi 75. Silinda yake, au bloku kama mafundi wengi wanavyoiita, ni kipande kimoja cha aluminiamu pamoja na kichwa chake. Haina gasketi ya juu kama pikipiki. Ndani imepakwa utando mgumu wa kuzuia kulika, nje ina mapezi ya kupoozea. Ukutani kuna matundu: la kuingizia mchanganyiko, la kutolea moshi, na njia za pembeni zinazopandisha mchanganyiko kutoka kwenye kasha la krenki.

Shika jambo moja hapo. Kwenye injini hii kasha la krenki nalo linafanya kazi ya kuvuta na kusukuma. Kwa hiyo tundu dogo la hewa upande wa chini wa silinda linaharibu kazi kama vile tundu la juu, ila dalili zake ni tofauti.

Sasa hizi silinda za kopi, yaani zisizotoka kwa kiwanda kilichotengeneza mashine. Siyo zote mbaya. Nimeona kopi zinazofanya kazi misimu kadhaa. Lakini udhaifu wake unajulikana: ukuta mwembamba sehemu moja na mnene sehemu nyingine, vitundu vidogo ndani ya chuma vilivyobaki wakati wa kumimina, kitako kisichonyooka, kingo za matundu zilizoachwa kali, na utando wa ndani unaobanduka. Silinda ya namna hiyo inavumilia makosa machache sana.

Dalili: ufa wa juu na ufa wa chini

Ufa wa juu, yaani kwenye chumba cha moto au kuzunguka plagi, unakula kompresheni. Mashine inawaka asubuhi ikiwa ya baridi, halafu ikifanya kazi dakika kumi au kumi na tano nguvu inashuka na inazima. Ukivuta kamba unaisikia nyepesi. Ikipoa inawaka tena, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka na ufa unafunguka, kikipoa unafunga. Mara nyingi utaona alama nyeusi ya masizi au oili imetoka katikati ya mapezi mahali pasipokuwa na kiungo chochote.

Ufa wa chini, kwenye kitako, kwenye njia za pembeni au upande wa kabureta, unaingiza hewa ya ziada. Injini inapanda resi yenyewe ukiwa umeachia, au inachelewa kurudi sailensa. Ukifungua plagi unaikuta nyeupe badala ya rangi ya kahawia. Hii ni hatari zaidi, maana hewa ikizidi, mafuta na oili vinapungua, joto linapanda, na pistoni inakwaruzika upande wa ekzosi mpaka injini inanoki. Ukiona resi inapanda bila sababu, zima palepale. Usimalize "mti huu mmoja tu".

Tena kuna usalama. Unga wa salfa unashika moto. Silinda inayovujisha moshi wa moto karibu na tundu la ekzosi, tenki la petroli liko hapohapo, na wewe umeibeba yote mgongoni. Mashine ya namna hiyo haiendi shambani hata kwa nusu saa.

Kabla ya kuilaumu silinda

Dalili nilizotaja zinaweza kuletwa na vitu vya bei ndogo. Anza navyo, kwa mpangilio huu:

1. Mafuta. Yaliyochanganywa muda mrefu yamwage, changanya mapya. Hakikisha umetumia oili ya 2T na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kama ni 1 kwa 50, lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili. Kama ni 1 kwa 25, mililita 200.
2. Chujio la hewa. Lililojaa unga wa salfa linaikaba injini.
3. Ekzosi. Wavu wake na tundu la kutokea vikijaa masizi, mashine inakosa nguvu ikipata moto, kama vile ina ufa.
4. Plagi. Iwe imekaza, na washa yake ipo.
5. Bolti za kabureta na mpira unaounganisha kabureta na silinda. Mpira uliochanika unapandisha resi sawasawa na silinda iliyopasuka.

Vyote vikiwa sawa, ndipo unaigeukia silinda.

Kipimo cha kwanza: macho

Fungua silinda, ioshe kwa petroli na brashi, ukiwa nje na mbali na moto. Iache ikauke kabisa juani. Chukua tochi ya simu, mulika kwa ubavu, siyo moja kwa moja. Angalia kuzunguka plagi, kuzunguka tundu la moshi, kwenye masikio ya bolti, na sketi, yaani ile shingo ya chini inayoingia kwenye kasha la krenki.

Wengi wanachanganya ufa na mstari wa kumiminia. Mstari wa kumiminia umenyooka, umeinuka kidogo, na ukipitisha ukucha unausikia kama kovu. Ufa unapindapinda, umezama, na ukiufuta baada ya muda unarudisha weusi wa oili.

Unaweza pia kuigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kulipa. Nzima inalia, yenye ufa inatoa mlio mfu. Ila mapezi yanaweza kukudanganya, kwa hiyo chukulia kama dalili, siyo hukumu.

Kipimo cha pili: mafuta ya taa na chaki

Hiki ndicho nakipenda kwa sababu kila kijiji kinakiweza. Saga chaki ya ubaoni, paka unga wake nje ya silinda iliyo kavu, katikati ya mapezi na kuzunguka plagi. Halafu kwa ndani paka mafuta ya taa, usilowanishe nje. Acha nusu saa. Mafuta ya taa yanapenya hata kwenye ufa usioonekana, na palipopenya chaki inachorwa mstari wa giza.

Kwa ufa ambao haujatokeza upande wa pili, fanya hivi: lowesha sehemu unayoishuku, subiri, futa mpaka pakauke, ndipo upake chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka polepole na kuichora chaki. Ukiona doa la duara lisilo na mstari, hilo ni tundu la kumiminia, na hilo ni kosa la aliyetengeneza spea.

Kipimo cha tatu: upepo na povu

Kipimo hiki kinafanyika silinda ikiwa imefungwa mahali pake, na ndicho kinachotenganisha silinda, gasketi na sili.

Toa ekzosi na kabureta. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, ziba tundu la moshi na tundu la kuingizia, weka bati bapa juu yake na ukaze kwa bolti zilezile. Kama kuna kitundu kidogo cha msukumo pembeni ya tundu la kabureta, nacho kizibwe. Zungusha krenki mpaka pistoni ifike chini kabisa. Hapo upepo utafika juu na kwenye kasha la krenki kwa pamoja. Chukua plagi mbovu, toa kaure yake, gandisha valvu ya tyubu ya baiskeli, uifunge mahali pa plagi.

Upepo usizidi nusu ya baa, ambayo ni kama psi 7. Ukizidisha utang'oa sili nzima na kujitafutia kazi nyingine. Pampu ya baiskeli ni kubwa kwa injini hii ndogo. Pigo moja tu linaweza kupitisha, kwa hiyo isukume kidogo kidogo na uwe na geji. Mpira na geji ya kupimia shinikizo la damu unafaa sana, maana mwisho wake wa 300 ni takriban 0.4 ya baa.

Sasa paka povu la sabuni kila mahali na uangalie mapovu yanatokea wapi:

- Mwisho wa krenki, upande wowote: sili imekufa. Silinda haina kosa.
- Kiungo cha silinda na kasha: gasketi, au kitako hakijanyooka.
- Mzunguko wa plagi: nyuzi au washa.
- Ukutani, katikati ya mapezi: huo ni ufa.

Kikundi kimoja cha vijana walikuwa tayari wamechanga fedha ya silinda. Fundi alishasema imepasuka. Povu likatoka kwenye sili ya upande wa kamba. Wakanunua sili mbili, bomba likaingia shambani keshokutwa yake.

Kompresheni

Kama fundi ana geji, pima mara mbili: injini ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Kwa injini nyingi za aina hii utegemee kati ya psi 100 na 150. Ikishuka chini ya 90 usitegemee kazi nzito. Tofauti kubwa kati ya baridi na moto ndiyo inayonipa shaka ya ufa. Lakini uwe makini na geji ya pikipiki yenye mpira mrefu: kama valvu yake haiko kwenye ncha inayoingia kwenye plagi, kwenye injini ndogo itasoma chini na utaambiwa mashine mbovu wakati ni nzima.

Kompresheni ikiwa ndogo, tia oili kidogo kupitia tundu la plagi, vuta kamba mara kadhaa, pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, upepo unatokea penginepo, na ufa ni mmojawapo.

Kuusoma ufa

Umeshauona. Sasa jiulize uko wapi.

*Kwenye sikio la bolti ya chini.* Hapa nashuku kufunga. Gasketi ya zamani haikukwanguliwa vizuri, kitako hakikukaa bapa, bolti moja ikakazwa mpaka mwisho kabla ya nyingine, au bolti ni ndefu ikagota chini kabla ya kubana. Silinda mpya ikifungwa vilevile itapasuka vilevile.

*Kuzunguka plagi.* Plagi ilikazwa kwa spana ndefu, iliingia upande, au shingo yake ni ndefu kuliko inayotakiwa. Plagi mpya yenye washa inatosha kufungwa kwa vidole mpaka igote, kisha nusu mzunguko kwa spana.

*Kwenye masikio ya ekzosi.* Hapa ni mtikisiko. Kijana mmoja alishapasua silinda mbili, sikio lilelile, na alikuwa anajiandaa kwenda kugombana dukani. Tulipoitazama mashine, breketi inayoshika ekzosi haikuwepo. Uzito wote ulikuwa unaning'inia kwenye bolti mbili, injini inatetemeka kwa resi ya juu asubuhi nzima. Breketi ya bati iliyotengenezwa kwa mchomeleaji ilimaliza ugomvi.

*Kuzunguka tundu la moshi au kichwani.* Hili ni joto. Kwenye mikorosho kuna sababu yetu wenyewe: unga wa salfa ukichanganyika na oili unakuwa tope linalokauka kwenye mapezi. Upande mmoja unapoa, upande mwingine haupoi, chuma kinavutana. Safisha mapezi kila baada ya kazi kwa brashi ukiwa na mashine iliyopoa. Kamwe usiimwagie maji ikiwa ya moto. Angalia pia kama hewa inaingia chini na kukausha mchanganyiko.

*Sketi ya chini imemeguka.* Ukuta mwembamba, au pistoni isiyolingana na silinda ikawa inapigapiga. Kopi nyingi zinauzwa silinda huku na pistoni kule. Zinunue pamoja, zimepimwa pamoja.

*Ukutani mahali pasipo na bolti wala joto kubwa, pamoja na vitundu.* Spea yenyewe ni mbovu. Hii ndiyo unayorudisha dukani, ukiwa na risiti na picha ya mstari wa chaki.

*Pezi limekatika peke yake.* Limegongwa. Kama chaki haionyeshi mstari ulioingia ukutani, endelea na kazi.

Fundi anaweza kukuambia atachomelea au ataziba kwa gundi ya chuma. Kwa ukuta wa silinda, kataa. Joto la kuchomelea linapindisha silinda na kuharibu utando wa ndani, na gundi haivumilii joto la hapo. Kipande kikiachia wakati pistoni inapanda na kushuka, utapoteza na krenki.

Ukinunua nyingine

Nenda na ile ya zamani. Pima kwa mkono uzito wake. Nyepesi sana ujue ukuta ni mwembamba. Iweke kitako juu ya kioo cha kaunta, isicheze. Mulika ndani uone kama utando una mabaka. Pitisha ukucha kwenye kingo za matundu. Zikiwa kali zitakamata ringi na kuivunja, na ringi ikivunjika ndani inaondoka na silinda. Dai risiti iliyoandikwa jina la spea na tarehe.

Wakati wa kufunga, weka gasketi mpya, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe, na urudie kuzikagua mashine ikiwa imepoa baada ya siku ya kwanza. Matenki matatu ya mwanzo usiiminye resi ya mwisho mfululizo. Kwa hiyo silinda mpya ifungwe wiki moja kabla ya kazi, siyo usiku wa kuamkia kazi.

Mwisho, kuwa na daftari la mashine kama ulivyo nalo la shamba. Andika tarehe ya kufunga silinda, umeitumia saa ngapi, na kama ilipasuka, ilipasuka wapi. Ufa wa pili ukitokea mahali pale pale, usiende dukani kwanza. Anza kuikagua mashine yenyewe, na mkono ulioifunga.